Wacheni Kucheka Kozi ya Jinsia

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka na watu wakianza kujaza kozi kule KUCCPS, kuna aina moja ya klipu inarudi kama mafua. Jamaa amekaa kwa gari, amevaa miwani ya jua, anasoma orodha ya kozi za kupoteza wakati. Jinsia na haki za kijamii haikosi kwa hiyo orodha. Chini yake komenti zinamwagika: ati unaenda chuo kusomea kuwa mwanamke? Ati ukimaliza nani atakuandika? Na ile inayopata moyo nyingi kuliko zote: hayo ni mambo ya wazungu, sisi tuna mila zetu.

Mimi nimekaa kwa hiyo kozi semista tatu, katika chuo kimoja cha umma ambacho sitakitaja. Sikumaliza. Baba alifariki, na aliyekuwa analipa karo ni yeye. Mimi ni mwanaume, mtu wa Rangwe, Homa Bay, na siku hizi natengeneza simu pale sokoni mchana na kontenti usiku. Sina digrii ya kutetea na hakuna shirika linalonilipa. Nikisema mnakosea kucheka, hakuna shilingi inaingia kwangu.

Na mnakosea. Hiyo kozi iko na shida, nitazitaja bila kuikingia kifua, lakini shida zake si hizo mnazocheka.

Wacha nianze na hiyo ya wazungu kwa sababu ndiyo inanichoma zaidi. Uliza mtu yeyote huku kwetu kwa nini shamba haliandikwi jina la mwanamke. Atakwambia ni mila, tangu enzi za Ramogi. Sawa. Sasa mwambie akutolee hati miliki ya hilo shamba. Ina nambari, ina muhuri, ina jina la mtu mmoja. Ramogi hakuwa na muhuri! Kabla ya hizo karatasi ardhi ilikuwa ya ukoo. Mwanamke akiolewa alipewa shamba lake la kulima na ghala lake, na wanawe wa kiume walipata ardhi kupitia nyumba ya mama yao. Hakuwa mmiliki, tusidanganyane, na haki yake ilisimama juu ya ndoa. Lakini pia mume hakuwa mmiliki vile tunavyosema leo. Hangeamka asubuhi moja amuuzie mgeni shamba ambalo mke wake ametoka kupanda njugu, kwa sababu halikuwa lake peke yake.

Kilichobadilisha mambo ni daftari la serikali. Mwaka wa 1954 mkoloni alileta Mpango wa Swynnerton, uliobeba jina la afisa wa kilimo aliyeuandika. Mashamba yapimwe, vipande viunganishwe, na kila kipande kiwe na mwenyewe kwa rejista. Kazi hiyo haikuisha na ukoloni. Serikali huru iliiendeleza, na kwa Waluo sehemu kubwa ilifanyika baada ya Uhuru. Sasa fikiria mpimaji amefika bomani. Anauliza mwenye boma ni nani, anaandika jina la mzee, anafunga daftari, anaenda boma linalofuata. Haki ya mama ya kulima haikuwa na safu yake kwa lile daftari. Ikapotea hivyo tu, bila kikao, bila mtu kuipigia kura.

Hii sijaitoa kichwani. Achola Pala Okeyo, mwanaanthropolojia, binti wa Kijaluo, alikuwa ameshachapisha utafiti wake kuhusu haki za ardhi za wanawake Waluo kufikia 1980. Nilimsoma mwaka wa kwanza kwa fotokopi iliyofifia hadi nusu ya ukurasa unakisia. Miaka kumi na nane shuleni na nyumbani, hakuna mtu alikuwa amenitajia jina lake. Ilibidi niingie kozi ya mambo ya wazungu ndio nikutane na Mjaluo aliyeandika kuhusu shamba la nyanya yangu.

Kuna kesi nyingine ambayo wazazi wenu wanaijua vizuri, waulizeni jioni. S.M. Otieno alikuwa wakili mkubwa Nairobi. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mke wake, Wambui Otieno, Mkikuyu na mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, alitaka kumzika kwa shamba lao kule Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema Mjaluo anazikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Maiti ikakaa mochari karibu miezi mitano korti zikivutana, na Kenya nzima ikisoma magazeti kama vile nyinyi mnafuata drama za mtandaoni. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi. Otieno akazikwa Nyalgunga. Wambui hakuenda.

Kitu kilichonishangaza nikiisoma ni orodha ya mashahidi. Upande wa ukoo alikuwemo profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka, akieleza korti mila za Waluo ni zipi. Yaani chuo kikuu kiliingia kortini kusema mila ni nini. Sasa wewe unayesema chuo hakina biashara na mambo haya, mbona 1987 hukulalamika? (Najua, hukuwa umezaliwa. Hata mimi.) Swali lililokuwa mezani lilikuwa gumu na la kila nyumba: mume akifa, mke ni nani? Ni wa familia, ama ni mpangaji aliyebaki na funguo? Idara ya masomo ya wanawake Makerere ilianzishwa 1991, miaka minne baadaye. Mtu alikuwa ameanza kuona kwamba hilo swali linahitaji watu wa kulisomea kwa utaratibu, si kulijibu tu kwa hasira wakati wa msiba.

Sasa nije kwetu, kwa sababu mimi sikulijua hilo swali kwa vitabu peke yake.

Baba alizikwa Jumamosi moja nikianza semista ya nne. Miezi mitatu baadaye ua letu la ojuok upande wa chini likawa limesogea. Baba mdogo, ambaye kwetu tunamwita baba tu, hakuja na panga wala kelele. Alikuja na wazee wawili na kreti ya soda. Akaongea kwa upole sana. Akasema mama sasa ni chi liel, mke wa kaburi, na mke wa kaburi hawezi kusimama kwa afisi ya ardhi. Atafutiwe jater wa kumrithi, mambo yaende vile yamekuwa yakienda. Na hati ya shamba akae nayo yeye, kwa usalama, kwa sababu nyumba ya mjane huibiwa.

Mama alikuwa anaangalia miguu yake. Mama huyu ndiye alilima lile shamba miaka ishirini na mitatu. Baba alikuwa akifanya kazi Kisumu, alikuja mwisho wa mwezi.

Mimi nilikuwa na daftari la yuniti moja ya sheria na jinsia. Nilipata C kwa hiyo yuniti, wadau, C! Lakini nilikuwa nimeandika vifungu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, kifungu cha 66: mtu akifa bila wosia, wa kwanza kwa mstari wa kuomba usimamizi wa mali yake ni mke au mume aliyebaki. Kifungu cha 45: kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa la jinai, na kusogeza ua ni kuingilia. Katiba ya 2010, kifungu cha 2(4): mila yoyote inayopingana na Katiba ni batili kwa kiwango inachopingana nayo. Halafu kuna hii ambayo watu wengi hawajui kabisa, Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya 2015. Kwa orodha yake ya unyanyasaji imetaja kurithi mke kwa lazima, imetaja kumtakasa mjane, na imetaja hata mashemeji kuingilia mambo ya nyumba. Mashemeji! Mtu alikaa Bungeni akaandika hilo neno, na mimi nina hakika huyo mtu ametoka familia kama zetu.

Sikuwasomea wazee hotuba. Kijana ambaye hajaoa hasimami mbele ya wazee akawarushia vifungu. Nilisema, "Baba, nimewasikia. Lakini korti itataka mama awe wa kwanza, na hati itatakiwa iwe naye." Mzee mmoja akacheka, akaniuliza, "Nyathina, hiyo sheria imezaliwa lini?" Nikamwambia 1972 ilipitishwa, 1981 ikaanza kazi. Halafu nikamwonyesha tarehe kwa ile hati: 1974. Sheria na hati ni rika moja. Kama moja ni ngeni, basi zote mbili ni ngeni, na hakuna aliyekuwa tayari kuichoma ile hati.

Hawakukubali siku hiyo. Watu hawakubali kwa kikao kimoja. Lakini hati ilibaki kwa sanduku la mama, na sisi tukaanza safari ya karatasi: cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, sachi ya shamba kutoka kwa sajili ya ardhi, fomu ya ombi inayoitwa P&A 80, kiapo, wadhamini. Halafu tangazo kwa Gazeti la Serikali na siku 30 za mwenye pingamizi kujitokeza. Halafu miezi sita ndio korti ithibitishe na shamba lihamishwe jina. Mimi na mama tumepanda boda hadi korti Homa Bay mara nyingi hadi yule jamaa wa boda sasa anajua nambari ya faili. Siku 30 zilipita bila pingamizi. Sasa tunangoja uthibitisho.

Na sitaki mfikirie hiyo sheria ni malaika. Vile ilivyotungwa, mjane mwenye watoto anapata haki ya kutumia mali maisha yake yote, lakini akiolewa tena haki hiyo ilikuwa inakatika. Mgane hakuwekewa hilo sharti. Sasa chukua hilo, uliweke karibu na presha ya kumtafutia mjane jater, uone kama hujaanza kuwaza vibaya. Shemeji mjanja angeweza kumsukuma mjane arithiwe leo, na kesho aseme kwa afisi kwamba huyu ameolewa. Mambo kama haya huwezi kuyaona kama hujafundishwa kusoma sheria ukiuliza: hii inamgusa nani, na inamwacha nani? Kozi nzima ni hilo swali, likirudiwa kwa ardhi, kwa pesa, kwa hospitali, kwa Bunge, hadi likuingie.

Sasa shida zake.

Nilifanya mitihani ya semista tatu na hakuna siku niliambiwa niingie afisi ya ardhi. Ile P&A 80 niliiona mara ya kwanza kwa dirisha la korti nikiwa tayari nimeacha chuo. Tulijua kueleza nadharia ya Kimberlé Crenshaw, Mmarekani aliyeonyesha mwaka wa 1989 vile ubaguzi wa rangi na wa jinsia unavyompiga mwanamke mweusi kwa pamoja. Nadharia nzuri, siidharau. Mjane maskini wa Rangwe asiyesoma Kiingereza ni mfano wake hai. Lakini insha ilitaka mfano wa kiwanda cha magari cha Marekani, na ukiandika habari ya mama anayeuza omena Rodi Kopany unaandikiwa pembeni kwamba huo si ushahidi wa kitaaluma.

Halafu lugha. Kila kitu ni Kiingereza, na si kile Kiingereza cha kuelewana. Nikirudi nyumbani mama ananiuliza, unasomea nini? Kwa Dholuo nilikuwa nasema tu nasoma mambo ya chwo gi mon, wanaume na wanawake, na dani yangu aliangua kicheko, akasema hayo hata yeye anaweza kufundisha. Alikuwa sawa kuliko alivyojua. Kama mtu amemaliza miaka minne na hawezi kumwelezea nyanya yake kwa lugha yake kwamba jina lake linaweza kuandikwa kwa hati, hiyo digrii imefanya kazi nusu.

Kwangu mimi, mwanafunzi wa jinsia asiandikwe amehitimu kabla hajakaa mwezi mmoja kwa rejista ya korti ama kwa afisi ya chifu, na mwezi mwingine ufuoni akiona vile samaki wanagawanywa. Huko ziwani kuna kitu kinaitwa jaboya, mvuvi anayemwuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Watafiti wamekuja wakaandika, wakaondoka. Jaboya bado yuko. Na ile yuniti ya sheria ifundishwe pia kwa walimu, kwa wauguzi, kwa watu wa kilimo, na kwa vyuo vya ufundi. Kwa nini fundi wa umeme asijue haki za mke wake? Au haki zake mwenyewe, tukifika hapo.

Tufike hapo basi, maana najua kuna watu wameshaandika "na mtoto wa kiume je?" Nakubaliana nanyi kuliko mnavyofikiri. Vijana wa rika langu wameacha shule wakaenda kuchimba dhahabu Macalder, kule Migori, na wengine wako kwa boda tangu wakiwa na miaka kumi na tano. Mwanaume akipigwa na maisha huku anaambiwa anyamaze. Mnajua ni wapi nilisikia mtu mzima akiliongea hilo kwa upole mara ya kwanza, bila kuniuzia kozi ya mtandaoni ya uanaume? Kwa darasa la jinsia. Wanaume tulikuwa wanne kwa darasa la watu karibu hamsini. Komredi wengine walituita mama wa chama. Lakini ndani ya lile darasa tulisoma pia kwa nini baba zetu hawaendi hospitali, kwa nini mvulana akiacha shule hakuna kikao kinachoitishwa, kwa nini simba ya kijana inajengwa kabla hajafundishwa kupika ugali. Wale walimu wa uanaume wa mtandaoni wanakwambia adui yako ni msichana aliyekukataa. Ile kozi ilinionyesha rejista.

Na vyuo vyenyewe visijifanye safi. Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wanaume waliojificha nyuma ya jina la Mzee Punch, wakibandika ukutani matusi na michoro ya aibu juu ya wasichana. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wavulana wa shule ya St. Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi wakabakwa. Ukuta wa Mzee Punch leo uko kwa simu yako. Ni makundi yale yale ya wanaume wakibandika picha za wasichana waliowakataa, tofauti ni kwamba sasa hakuna haja ya gundi. Kwa hivyo ninaposikia mtu akisema jinsia haifai kusomwa chuoni, huwa nauliza ni wapi basi, kama chuo chenyewe ni moja ya mahali ambapo wasichana wamekufa. Januari 27, 2024, wakati maelfu walitembea Nairobi kupinga mauaji ya wanawake, wengi mlikuwa pale, niliona picha zenu. Baadhi yenu ndio mnacheka hii kozi leo.

Kazi? Hapo nitaongea ukweli bila sukari. Kazi ni chache na zimepungua. Kwa miaka mingi, mtu wa jinsia Homa Bay, Siaya ama Kisumu alikuwa anaangalia miradi ya Ukimwi na ya wasichana, kama DREAMS, iliyolipwa na Marekani. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na watu ninaowajua, wenye digrii hii hii, wakarudi nyumbani na mabegi. Ukiichukua ukidhani shirika linakungoja na gari lenye bendera, badilisha leo. Lakini usidanganywe ati hiyo ni shida ya jinsia peke yake. Nina rafiki mhandisi tunakaa naye kibanda kimoja, yeye anauza vifuniko vya simu.

Mahitaji yenyewe lakini yapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba Homa Bay na Migori, kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, asilimia 23 wamewahi kushika mimba. Kenya nzima ni 15. Sisi ndio kaunti iliyomchagua Gladys Wanga gavana 2022. Rangwe imempeleka Lilian Gogo Bungeni mara mbili, 2017 na 2022. Karachuonyo hapo jirani ilimchagua Phoebe Asiyo tangu 1979, na mwaka wa 1997 ni yeye aliyepeleka Bungeni hoja ya kuongeza viti vya wanawake, wakaiangusha. Kwa hivyo usiniambie watu wa huku hawawezi kumsikiliza mwanamke. Tunampigia kura, tunamwimbia, tunamkatia ng'ombe. Halafu tunarudi bomani, mjane anaulizwa kwa nini anaongea wakati wa kupima mpaka.

Tangu ile habari ya faili letu isikike, wanawake saba wamekuja pale kibandani. Wanajifanya simu imeharibika. Wananipa simu, nafungua, naona iko sawa kabisa, halafu wanatoa cheti cha kifo kilichokunjwa ndani ya Biblia. Mimi si wakili na huwa nawaambia hivyo. Ninachofanya ni kuwasomea fomu kwa Dholuo, kuwaambia wasimpe mtu hati ya asili, na kuwaonyesha dirisha la kwenda. Mmoja wao ni dada wa yule mzee aliyenicheka.

Sasa kwa nini naandika haya wiki hii. Binamu yangu, kwetu ni dada tu, amepata kozi ya jinsia chuo kikuu. Ndiyo ilikuwa chaguo lake la kwanza, aliijaza mwenyewe kwa simu yangu. Baba yake anataka abadilishe achukue biashara. Baba yake ndiye huyo huyo wa ua la ojuok. Alikuja kibandani Jumanne, akakaa kwa stuli, akaniomba niongee naye kwa sababu ananisikiliza. Hakusema kuhusu shamba, na mimi sikusema. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Hiyo kozi ndiyo ile yako?" Nikamwambia ndiyo, baba.

Nimeongea naye. Nimemwambia kazi ni chache. Nimemwambia asikubali kumaliza mwaka wa kwanza bila kuingia rejista ya korti, hata kama hakuna anayemtuma. Nimemwambia achukue na yuniti za sheria ya ardhi kila anapoweza, na aandike insha zake kuhusu huku hata wakimkata alama. Amechukua lile daftari langu la C. Dirisha la kubadilisha kozi linafungwa Ijumaa, na baba yake bado ananipigia simu.